Mulongwe: Mto Mfupi Uliojenga Uvira

Katika toleo hili la kumbukumbu Kamati ilituomba sisi tuliotoka Uvira tuandike kipande cha historia ya kwetu. Tungeweza kuandika juu ya vita, lakini vita kila mtu kambini anavijua, na kila mtu anavisimulia kwa njia yake. Tumechagua kuandika juu ya mto. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni watoto wetu waliozaliwa hapa: kwao maji ni kitu kinachotoka kwenye bomba la kambi saa fulani, kisha kinafungwa. Ya pili ni nzito zaidi. Kuna jamaa kati yetu wanaofikiria kurudi, na wengi wao wana viwanja kando ya mto huo. Wanauliza kama viwanja bado vipo, na kama inafaa kujenga tena. Hakuna anayeweza kuwajibu vizuri bila kujua mto wenyewe umefanya nini tangu zamani.

Tuondoe kwanza utata wa jina. Wafanyakazi wa mashirika wakisikia Mulongwe mara nyingi wanafikiri juu ya makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyofunguliwa karibu na Baraka, katika teritori ya Fizi. Sisi hatusemi hayo. Mulongwe yetu ni mto unaopita katikati ya mji wa Uvira, na kartie moja ya mji imechukua jina lake.

Mto huu ni mdogo. Wakati wa kiangazi mtoto wa miaka kumi anauvuka kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Tena ni mfupi sana. Ukitazama ramani utaona kwamba mji wa Uvira umebanwa: upande wa mashariki Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi milima ya Mitumba, ambayo inapanda ghafula kama ukuta. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 na zaidi kidogo juu ya bahari. Milima iliyo nyuma ya mji inapita mita 2,000, na wala huhitaji kwenda mbali kuifikia. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na kushuka, na maji yanayoanzia juu hayana nafasi ya kutembea polepole. Yanashuka katika korongo jembamba, kati ya mawe, yanatoka mlimani kwa ghafula, yanapita mjini, halafu yanaingia ziwani. Mto mkubwa kama Ruzizi una siku za kuonya watu wake. Mulongwe haina. Mvua ikinyesha juu jioni, mji unaipata usiku uleule, hata kama chini hapakunyesha tone.

Mulongwe haiko peke yake. Kaskazini iko Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, na mjini kuna Kalimabenge, na vijito vingine ambavyo kwa miezi mingi ni mitaro mikavu tu. Yote ina tabia moja. Lakini Mulongwe ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa mji, kama tutakavyoeleza.

Watu wengi hawajui kwamba udongo ambao Uvira imesimama juu yake uliletwa na mito hii. Mto wa mlimani ukitoka korongoni unapoteza nguvu, unamwaga mawe, changarawe na mchanga, na mzigo huo unajitandaza kama upepeo hadi ziwani. Mto wenyewe unahama juu ya upepeo huo. Mwaka huu unapita huku, miaka mingine unapita kule. Wazee wetu walilima juu ya udongo huo kwa sababu ni mwepesi na una maji karibu. Mji ulijengwa hapo kwa sababu hakuna mahali pengine tambarare kati ya mlima na ziwa. Kwa maneno mengine, mto haukupita katika mji wetu. Mji wetu ndio uliojengwa katika njia za mto.

Na ziwa nalo halikuwa pale lilipo leo. Hili tunapenda vijana walisikie vizuri. Katikati ya karne ya 19, mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa kutoa maji ya Tanganyika, karibu na mahali palipo Kalemie leo, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Karibu mwaka wa 1878 maji yalipasua kizuizi hicho, yakaanza kukimbilia mto Kongo, na ziwa likashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za Uvira, zile tunazoziita za ufukweni, zilikuwa chini ya maji wakati wa babu wa babu zetu. Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi, mwezi wa Aprili 1858, wakitafuta kujua kama Ruzizi inaingia ziwani au inatoka, hawakushuka kwenye ufuko ambao sisi tumechezea mpira. Ufuko wao ulikuwa juu zaidi, karibu zaidi na mlima na korongo za mito.

Wakati huo Uvira ilikuwa tayari inajulikana. Ilikuwa kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara waliotoka Ujiji. Burton aliandika kwamba walikuja kununua pembe za ndovu, watumwa, nafaka, nguo za magome ya mti na vyuma. Hatuandiki hayo kwa fahari, maana kati ya bidhaa hizo walikuwamo binadamu. Lakini ni kwa njia hiyo ya mitumbwi na misafara kwamba Kiswahili kilifika kwetu, hiki tunachoandikia sasa. Mashua zinazokaa wiki kadhaa zinahitaji maji matamu, kuni na chakula. Mito midogo ya pwani ile ndiyo iliyotoa maji, na mashamba ya Bavira kwenye kingo zake ndiyo yaliyotoa chakula. Stanley na Livingstone walipita kaskazini mwa ziwa mwezi wa Novemba 1871 na kuhakikisha kwamba Ruzizi inaingia. Wazungu wote hao walihangaika na mto mkubwa. Juu ya mto mdogo uliowapa watu maji ya kunywa hatuna la kusoma kutoka kwao.

Baada ya vita vya dola ya Leopold na wafanyabiashara wa Kiarabu, vilivyopiganwa kati ya 1892 na 1894, Uvira ikawa posti ya Wazungu. Baadaye Wabelgiji walijenga bandari ya Kalundu na njia ya reli iliyokwenda Kamanyola, ambayo siku hizi imekufa kabisa. Pamba ya tambarare ya Ruzizi ilihitaji kupita, na mji ukakua kwa ajili ya hiyo. Sehemu hii tunaipita upesi. Kuna jambo moja tu la Wabelgiji linalogusa mto wetu moja kwa moja, nalo tunalikumbuka kwa namna mbili.

Katika miaka ya 1940 mwishoni na miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliona kwamba milima ya Kivu inamomonyoka. Ikaamuru watu wachimbe mitaro ya kukata mteremko, mstari juu ya mstari, na wapande majani na miti kwenye kingo za mitaro. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Wazee walioichimba waliichukia hadi kufa kwao, na uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, kuacha mitaro hiyo ilikuwa sehemu ya kuwa huru. Nani angewalaumu? Walichimba kwa fimbo, bila malipo, katika mashamba yao wenyewe. Hata hivyo mtaro wenyewe ulikuwa unazuia maji. Hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na sisi tunaona kwamba hasara kubwa ya fimbo ile ni kwamba ilifanya watu waichukie kazi ambayo wangeweza kuifanya kwa hiari yao.

Sasa tuje kwenye Mulongwe tuliyoijua sisi. Mtu asiyeishi kando ya mto wa mlima anafikiri kwamba mto ni maji tu. Kwetu ulikuwa soko, karakana, uwanja na sabuni. Juu, maji yanapotoka korongoni, palikuwa pa kuchota. Akina mama walifika alfajiri kabla maji hayajakorogwa, na mtu aliyefua juu ya wachotaji alisikia maneno ambayo hatuwezi kuyachapa katika gazeti la Kamati. Chini kidogo palikuwa pa kufulia: mawe makubwa, laini, yaliyosuguliwa na mto, na juu yake nguo zikianikwa hadi mchana ukingo mzima ukawa na rangi kama siku ya sikukuu. Chini zaidi watu waliosha baiskeli, na baadaye magari na pikipiki. Mto ulipokaribia ziwa, kulikuwa na bustani za lenga-lenga na vitunguu, na mdomoni kabisa wavuvi wa ndagala walitandaza mavuno yao juu ya mchanga.

Halafu kuna mawe. Nyumba za Uvira zimetoka mtoni. Msingi ni mawe ya mto, ukuta unashikwa na mchanga wa mto, na zege la shule na makanisa lina changarawe ya mto. Kila baada ya mvua kubwa Mulongwe ilileta mzigo mpya, na asubuhi wanaume walikuwa wameshaingia na majembe kuchota mchanga, huku wanawake na watoto wakikaa chini ya kipande cha mwavuli au turubai wakipasua mawe kwa nyundo, kuyafanya kokoto za kuuza kwa lori. Ni kazi ngumu, inaumiza macho na mgongo. Wajane wengi walisomesha watoto kwa kazi hiyo. Mmoja wa wazee wetu husema kwamba Mulongwe ni mwajiri ambaye hakuwahi kuchelewesha mshahara isipokuwa wakati wa kiangazi.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kunywesha mji. Kiwanda cha REGIDESO cha Uvira kinatoa maji yake Mulongwe. Maji yanachukuliwa mtoni, yanasafishwa, yanasukumwa kwa mashine hadi kwenye matangi, na kutoka hapo yanaenda kwenye robine. Mji wenye zaidi ya watu 200,000 ulitegemea kijito ambacho mtoto anakiruka. Mashine zinahitaji umeme, na umeme wa Uvira unatoka mbali, kwenye mabwawa ya Ruzizi karibu na Bukavu, ambalo la kwanza lilianza kazi mwaka wa 1958. Umeme ukikatika, robine zinakauka. Robine zikikauka, watu wanachukua bidoni na kwenda ziwani au mtoni.

Hapo ndipo kipindupindu kinapoingia. Ugonjwa huo ulifika upande wetu wa mashariki ya Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970, na haukuondoka tena. Tulikuwa tukiulaumu uchafu, umaskini, wageni, kila kitu. Kisha watafiti walichukua daftari za kituo cha wagonjwa wa kipindupindu cha Uvira za miaka ya 2009 hadi 2014, wakazilinganisha na daftari za kiwanda cha maji, siku kwa siku. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2015. Waligundua kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa walioingia katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, yaani zaidi ya mara mbili, wakilinganishwa na wakati maji yanapotoka vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo walihusishwa na upungufu wa maji ya robine. Tunawaomba wafanyakazi wa maji wa kambi yetu waisome sentensi hiyo mara mbili. Siku moja bila maji si usumbufu wa siku moja.

Turudi mlimani. Wale waliokimbia mwaka wa 1964, mwezi wa Mei, wakati waasi wa Simba walipoichukua Uvira, waliacha mji mdogo wenye miti kwenye miteremko mingi. Waliokimbia Oktoba 1996, na tena Agosti 1998, waliacha mji mwingine kabisa. Kati ya tarehe hizo, na zaidi baada yake, watu wa vijijini walishuka kutoka milimani na kutoka tambarare wakitafuta usalama, kwa maana mjini angalau kulikuwa na majirani wengi na njia ya ziwa. Mji ambao hauna tambarare ulibaki na njia mbili za kukua. Moja ni kupanda mteremko. Nyingine ni kuingia katika kitanda cha mto, kwenye ile mikono mikavu ambayo mto ulikuwa umeiacha. Watu walifuata zote mbili. Juu miti ilikatwa kuwa kuni na makala, na mihogo ikapandwa mahali ambapo mbuzi alikuwa akisimama kwa shida. Chini nyumba zilisogea hadi mtu akinyoosha mkono dirishani anagusa mawe ya Mulongwe. Viwanja hivyo viliuzwa kwa hati. Kulikuwa na muhuri juu yake.

Hatuandiki hili ili kabila au kijiji fulani kilaumiwe. Aliyelima juu alikuwa na njaa, na aliyejenga chini alikuwa anakimbia. Lakini mto haulipi fidia kwa mtu kwa sababu alikuwa na shida.

Mwezi wa Februari 2002 mafuriko na matope viliua watu wengi mjini. Watu walilia, wakazika, wakajenga tena mahali palepale. Kisha ikaja Alhamisi ya tarehe 16 Aprili 2020. Mvua ilinyesha milimani na mjini, na usiku wa kuamkia tarehe 17 Mulongwe ilitoka kitandani mwake, pamoja na mito jirani. Waliopona wanasema haikuwa sauti ya maji, ilikuwa sauti ya mawe. Mto wa namna hii ukijaa hauji na maji peke yake. Unakuja na mlima. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibiwa au kubomoka, madaraja yakaharibika, na familia zikalala madarasani, wakati uleule ambapo serikali ilikuwa ikiwaambia watu wakae mbalimbali kwa sababu ya korona. Sehemu ya REGIDESO ya kuchukulia maji mtoni iliharibiwa pia. Kwa hiyo mto uleule uliobomoa nyumba ulikausha robine, na hofu ya kipindupindu ikafuata kama kawaida yake. Wengi wetu tulisikia habari hiyo hapa kambini kwa simu, tukihesabu majina ya avenyu hadi usiku wa manane.

Wakati huohuo ziwa lilianza kupanda. Mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2024, Tanganyika ilifikia kimo ambacho wazee walikuwa wamekiona mara ya mwisho katika miaka ya 1960, ikaingia katika nyumba za ufukweni za Uvira na za Bujumbura vilevile. Msomaji aliyefuata habari ya Lukuga hapo juu hatashangaa sana. Ziwa likiwa juu, mto unaoshuka na mchanga hauna mahali pa kuumwaga. Unaumwaga mapema, ndani ya mji, kitanda kinajaa, na maji yanatafuta njia nyingine. Mji ukashikwa kutoka pande mbili.

Basi, jibu letu kwa wanaouliza habari za viwanja ni hili. Kiwanja kilicho juu ya upepeo wa mto, mbali na mikono yake ya zamani, mara nyingi kipo na kinaweza kujengwa. Kiwanja kilichokuwa ndani ya mkono mkavu, hata kama una hati yenye muhuri, usikihesabu kuwa mali ya kurudia. Tunajua hili ni neno gumu kwa mtu ambaye hati hiyo ndiyo karatasi pekee aliyovuka nayo mpaka. Tunajua pia kwamba maofisa wanaopanga safari za kurudi huuliza mtu anatoka kartie gani na kama ana nyumba, lakini swali la mto halimo katika fomu zao. Tunaliomba liingie. Mtu anayerudishwa kwenye kitanda cha Mulongwe atakimbia tena, na safari hiyo hatahesabiwa kama mkimbizi.

Tumeanza kuandika daftari. Kila mtu aliyekuwa na nyumba au shamba kando ya Mulongwe, Kalimabenge au Kavimvira anaombwa aje kwa katibu wa Kamati, aseme kartie na avenyu, upande wa kushoto au wa kulia ukishuka na mto, umbali wa nyumba kutoka ukingoni kwa hatua, na mwaka aliouona mara ya mwisho. Wazee wanaokumbuka mto ulipita wapi kabla ya 1964 waje hata kama hawana kiwanja, na wenye miguu mibaya watafuatwa nyumbani. Hadi sasa tumejaza kurasa kumi na moja, na wazee wawili bado hawajakubaliana kama mkono wa kusini ulikauka kabla ya uhuru au baada yake.